Komeo Lisilopakwa Mafuta

Komeo la mlango lililia gizani, na mke wa fundi magari hakulizuia. Kila Jumapili alikuwa akilipaka mafuta ya kupikia ili atoke kwenda ibadani huku mumewe akikoroma. Leo aliliacha kavu, akamwambia mumewe, "Naenda kubatizwa." Mumewe akageukia ukuta.

Sasa yumo basini, mtoto mapajani, na muuza mboga aliyeketi kando yake ameshaijua habari yote, maana safari ndefu haina siri.

"Mwanangu, ungeendelea na mafuta yako," alisema muuza mboga. "Ndoa yangu mimi imedumu kwa kuficha."

"Nimechoka kuficha, mama. Yesu ameniweka huru, halafu nimfuate kwa kunyata?"

"Na ukirudi ukute pamefungwa?"

"Nitapiga hodi. Kwangu ni palepale."

"Utagonga mpaka vidole viote sugu."

"Vimeshaota kwa kushona nguo za watu, mama."

Basi likapunguza mwendo. "Kanisani, yupo wa kushuka?" konda aliuliza.

Muuza mboga akamshika mwenzake mkono, akamnong'oneza, "Shukia kituo cha mbele. Hapa wanamjua mumeo."

Lakini mke wa fundi alikwisha kusimama, na mtoto akamjibu konda, basi zima likasikia: "Mama anashuka hapa, anakwenda kubatizwa."