Mikono Yangu Ilivyonifikisha kwenye Televisheni

Ndugu zangu vijana wa kikundi chetu cha maombi huko Endabash, salamu nyingi za furaha! Anayewasomea anivumilie. Mwandiko wangu ni mbaya, na tahajia yangu iliishia darasa la saba.

Mnanijua. Mimi ndiye huwa nakaa karibu na mlango ili nitoke bila kuaga. Lakini nimeandika vichekesho tangu shuleni, polepole, nikitamani siku moja niviigize kwenye televisheni.

Mwaka jana watu wa tamthilia ya vichekesho walikuja Karatu mjini kutafuta waigizaji. Nikawapelekea kisa changu: mzee amemuuzia kijana ng'ombe mgonjwa mnadani, halafu kijana anamleta ng'ombe yuleyule kama mahari ya binti wa mzee. Mzee atasemaje, wakati ng'ombe huyo alimsifu mwenyewe mnadani? Walisoma wakacheka. Mwongozaji, mama mmoja mchangamfu, akaniambia, "Haya mdogo wangu, tuigizie."

Ndugu zangu, nawaambia, kamera iliponielekea sikujua mikono niiweke wapi. Nikaitia mfukoni, nikaitoa, nikaikunja. Sauti haikutoka. Jamaa kwenye foleni akapiga kelele, "Mpelekeni kwenye chaji huyo!" Watu wakacheka utani wake kuliko kisa changu. Nikaondoka. Nikaacha kuandika kabisa, nikasema basi, nitalima tu. (Kulima si vibaya, msininunie.)

Tulipovuna, shangazi yangu aliita majirani tupukuchue mahindi. Mikono ikiwa kazini, nikajikuta naongea kama yule mzee: "Ng'ombe wangu hakohoi, mwanangu. Anaimba kwaya!" Majirani wakaacha kazi. Mmoja alianguka juu ya magunzi kwa kucheka.

Shangazi akanitazama. "Wewe, mdomo wako ni mzima. Mikono ndiyo inakusumbua. Ipe kazi."

Wale watu wa tamthilia waliporudi, shangazi alinifungia mahindi kwenye mfuko. Mwongozaji akashangaa, "Umetuletea chakula?"

"Hapana mama. Ni ya mikono."

Nikakaa chini, nikapukuchua, nikasema maneno yote mpaka mwisho! Mpiga picha alicheka hadi kamera ikatikisika, ikabidi turudie. Mara ya pili nikafanya vizuri zaidi!

Wakanichukua. Sasa niko Arusha, naandika, na yule mzee namwigiza mimi! Woga haujaisha. Naogopa kila asubuhi, ila siku hizi naogopa huku nafanya kazi.

Asante shangazi. Asanteni majirani, na nyinyi mlioniombea bila kunilazimisha nisimame mbele. Mwenye rafiki mwenye haya asimsukume tu. Aangalie ni wapi huwa anasahau kuogopa, amsaidie kuanzia hapo.

Kipindi changu cha kwanza kitaonyeshwa Jumamosi jioni, na mimi sitaziona nyuso zenu. Tafadhali niandikieni, wala msinihurumie. Niambieni mlicheka wapi na mlinyamaza wapi. Hapo mliponyamaza ndipo nitakapoanza kuandika upya.