Nililikemea Jiwe la Mpaka

Hapana, wakishapima nyumba uliyonunua hupewi ufunguo jioni yake! Nawaona mlivyonikodolea macho, swali liko mdomoni, basi nalijibu kabla hamjakohoa. Yesu apewe sifa, ndugu zangu!

Mnajua nilikokuwa nimepanga, kule yanakolala malori. Mwenye nyumba akigonga, "We bibi! Umemwaga maji tena?", hata panya wanahama. Nikasema Bwana, nipe mlango wangu mwenyewe kabla sijafa. Nikauza shamba la kahawa Iyula, nikalipia kinyumba cha vyumba viwili hapa Tunduma. Shamba limekwenda, nyumba haijaja! Ningelala wapi?

Mpimaji alikuja na mtambo wake wa miguu mitatu, kafumba jicho moja kama anakonyeza wasichana. Akachimbia mawe ya mpaka kwenye pembe. "Bibi, mi nimemaliza, sasa hivi ni ofisi." Ofisi! Nikaenda ya ardhi, Vwawa. Dada wa pale anaongea na pua: "Ramani inahakikiwa, bibi." Kwani ina homa? Haya, ramani ikapona, ikarudi. Muuzaji naye: "Tulia mukwai, wiki ijayo tunaandikishana." Kila neno mukwai, heshima za Kizambia, utadhani kazaliwa huko, kumbe mtu wa Ileje huyo! Na wiki ijayo yake ikifika, ina mimba ya wiki ijayo nyingine.

Ndugu zangu, mimi hasira sikuwa nayo, nilitaka kujua tu! Walipima kahawa ikiwa maua, sasa watu wanachuma. Nani kashikilia? Nikasema ni lile jiwe la pembe ya jikoni, kuna kitu chini yake! Kila asubuhi naenda kulikemea. "Achia! Achia nyumba yangu!" Mafuta ya upako nikamwaga mpaka kuku wanateleza. Mke wa muuzaji, maana bado wanaishi humo, amekaa hapohapo na ungo wake, anapepeta, ananitazama. Nikajua ananiogopa.

Leo nalala kwangu! Mlango naufunga, naufungua tena, nausikia tu unavyolia. Mungu ni mwema! Na wewe unayesubiri, mtegemee, hajalala. Ila ukishamuuliza yeye, uliza na watu. Maana majibu yangu aliyaweka kwenye mdomo wa yule mama wa ungo. Kumbe mwanasheria wa kutuandikisha alishamwambia mumewe, "Bila mkeo kukubali hatuandiki," na mwanaume mzima anaogopa kumwambia mkewe! Mama alipofungua mdomo, mume akaitwa, wakaongea wenyewe ndani, mama akakubali. Kesho yake tukaandikishana, mimi na dole gumba langu.

Yote yalianza asubuhi niliyochoka kukemea. Nikamgeukia huyo mama, "Mwanangu, hivi wewe unajua kinachokwamisha?"

Akaweka ungo chini. "Bibi, jiwe umelisemesha kila asubuhi. Mimi mwenye nyumba, nani kaniuliza?"