Jicho na Magoti Kumbe Adui Mmoja

Bwana asifiwe, wapendwa! Msifuni tena, safari hii kwa niaba ya jicho langu la kushoto, maana lenyewe halina mdomo.

Ndugu zangu, mimi ni mrina asali wa huku Rungwa. Nimepanda miti mpaka nyani wananiamkia shikamoo. Halafu ikaja baridi yabisi. Vidole vikavimba kama mihogo. Asubuhi magoti yanalia, mke wangu Mama Tatu anadhani treni imehama stesheni ya Itigi imeingia chumbani.

Sasa sisi warina tuna dawa yetu. Nikakaa jirani na mzinga, nikakunja suruali, nikawakaribisha nyuki magotini. Wakaniuma wote, wakaita na wa kijiji cha pili. Siku mbili nafuu, ya tatu nimerudi palepale.

Mara jicho likaanza. Jekundu kama nyanya, linauma kwa ndani kabisa, jua likiingia ni sindano. Mama Tatu akasema ni moshi wa kurina. Dawa naijua: asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma. Kwetu mtoto akiumwa macho anadondoshewa hiyo. Nikadondosha asubuhi na jioni. Jicho likawa tamu, lakini kuona hakuna.

Ndugu zangu, dunia ikaenda mbali. Nakaa mlangoni mchana, kila kitu kinaelea kwenye weupe wa maziwa. Miti inatembea polepole. Marehemu mama yangu anapita na ndoo kichwani, hamwagi hata tone, ananitazama, anapita. Siku moja nikaona malaika watatu weupe wanakuja kunichukua. Nikatubu kwa sauti, nikataja mpaka mizinga ya shemeji niliyoirina bila kumwambia. Malaika wakafika, wakaanza kula mboga zetu. Mbuzi wa jirani! Na shemeji alikuwa amekaa nyuma yangu, amesikia yote.

Leo nacheka. Siku zile nililia, maana jicho la kulia nalo lilikuwa limeanza kuwasha na kuingia ukungu, na mrina kipofu atapanda mti gani? Nanyi mliniombea, Mungu awabariki. Jumatano magoti, Ijumaa jicho. Tulijua ni mapepo mawili.

Mama Tatu ndiye aliyechoka. Akanipakia kwenye pikipiki ya bodaboda, nyuma ya dereva, naye akapanda nyuma yangu akanishika kama gunia, mpaka hospitali. Daktari alikuwa binti mdogo. Akaniamkia, akamulika jicho, akasema, "Babu, naomba mikono."

"Mjukuu wangu, mimi nimeleta jicho."

"Najua. Lete na mikono."

Akabonyeza vidole kimoja kimoja. Akauliza asubuhi vinakaza muda gani. Nikamweleza yote, hata habari ya nyuki, akaacha kuandika kidogo. Kisha akasema, "Babu, huu ni ugonjwa mmoja. Kinga ya mwili wako imeasi. Inashambulia maungo, sasa imepanda jichoni. Ungekaa nyumbani, jicho lingetoboka."

Nikauliza na asali je? Akasema asali niweke kwenye uji.

Siku hiyohiyo nikapelekwa kwa daktari wa macho. Nikapewa vidonge na dawa ya kudondosha, nikatolewa damu ya kupima mpaka nikadhani wanapika. Wiki zikapita. Maziwa yakaanza kujitenga. Asubuhi moja nikaona ukingo wa kikombe. Halafu kidole gumba cha Mama Tatu kilichokishika, na ufa mdogo kwenye ukucha wake. Nilikaa nautazama ule ufa kama mtu anayetazama mto, uji ukapoa mkononi mwake.

Sijapona yote, na hapa sitii chumvi. Vidole bado vimepinda. Dawa nakunywa, kliniki naenda. Pembeni ya jicho kuna kivuli kimekaa kama mgeni asiyeaga. Lakini naona!

Wewe ndugu unayeumwa maungo, jicho likiwa jekundu likauma, usilichungulie kwenye kioo ukalisamehe. Nenda, na ukifika usimfiche daktari hata nyuki mmoja. Sisi tunajipeleka kwa Mungu vipandevipande, leo goti, kesho jicho. Yeye anakuona mzimamzima, toka ukucha mpaka mboni. Mwamini, ndugu yangu. Mwamini, kisha panda pikipiki.