Nimemwita Dionisio Panaligan

Fungeni kwanza dirisha la upande wa barabara, kisha sogeeni, wanangu, maana sauti imeniishia na sitaki neno hili lisikike getini. Amparo, kaa hapa miguuni. Leandro, mpakate mwanao mwenyewe, usimpe yaya.

Nyumba hii ni yenu wawili. Shamba la minazi la Santa Rufina ni la Amparo, aliyelisimamia nilipokuwa nchi za watu. Nishani za ubalozi gawaneni mpendavyo, hazikunipa usingizi hata siku moja. Lililobaki ni woga wangu, na huo ndio hasa niliowaitia.

Leandro, tangu ubandike picha zako mjini kugombea umeya dhidi ya Dionisio Panaligan, sijalala. Jana watu wawili wa pikipiki walisimama mbele ya geti letu mara mbili, injini inanguruma, kofia hawakuvua. Nawe ukaniambia, "Tatay, mimi siogopi. Marehemu baba yake ndiye aliyenisimamia ubatizo. Watu wa nyumba ile hawanigusi." Mwanangu, wewe huogopi kwa sababu mimi niliogopa.

Sikilizeni basi nililowaficha. Baba yenu mkubwa Isidro hakuuawa na majambazi. Alipigwa risasi uwanja wa kupiganisha majogoo, Jumapili mchana, jogoo wake akiwa bado kwapani, kwa amri ya Gaudencio Panaligan, baba yake Dionisio, kosa lake kutaka umeya. Mimi nilikuwa mbunge mwenye walinzi wanne, na nilijua wa pili ni mimi. Mji mzima ulingoja nilipe kisasi. Siku ya tisa ya kumwombea marehemu nilikuchukua wewe, Leandro, una miezi miwili, nikaenda kwa miguu peke yangu hadi kwenye lango la muuaji wa kaka yangu, nikamwomba akusimamie ubatizo. Alicheka mpaka akakohoa. "Mheshimiwa," akasema, "leo umekuja na mlinzi mdogo kweli!" Lakini hakukataa, maana kwetu anayeombwa jambo hilo hakatai, kukataa ni mkosi mkubwa, na akishakubali, baba wa mtoto huwa kumpare wake, ndugu yake wa ubatizo, na damu ya kumpare hata yeye aliogopa kuimwaga.

Sokoni walinizomea: "Ameuza damu ya kakake kwa maji ya padri!" Nikameza. Wakubwa wa Manila, walipoona najua kunyamaza, wakanifanya balozi, miaka kumi na minane, Roma, Jakarta, Canberra, nikitia saini mikataba na watu walioivunja kabla sijafika nyumbani. Ulioshika ni ule mmoja wa maji. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Nimeubusu miaka thelathini na minne, na ninyi mmekua.

Lakini maji yale yalimfunga Gaudencio, hayakumfunga mwanawe. Gaudencio alikufa Mei, mimi ni leo au kesho, na hapo hakuna tena kinachomzuia Dionisio. Naogopa, Leandro. Si kifo changu ninachokiogopa. Naogopa kukutangulia kwa siku chache tu.

Kwa hiyo nimemwita. Anadhani anakuja kuniaga, na padri yuko naye. Mwanao hajabatizwa. Mimi babu siwezi kulitoa ombi hili, lazima litoke kinywani mwa mzazi. Mwombe mbele ya padri, mbele ya mtu anayekata roho, hataweza kukataa. Umeya ukiutaka gombea, lakini gombea ukiwa kumpare wake. Usinitazame hivyo. Unasema ni damu ya baba yako mkubwa; alikuwa kaka yangu, tulilala mkeka mmoja. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na kilio kimeingia nyumba hii mara moja, kinatosha.

Nizikeni kando ya Isidro, bila bendera wala hotuba. Kwenye mkesha wangu, mtu yeyote wa Panaligan akija, mpeni kiti na kahawa. Amparo, ndugu yako ana kiburi changu cha ujana, usimwache peke yake. Mungu awalinde... awape mvi, wanangu, nyote wawili, na huyo mdogo.

Kimya. Hizo hatua za ngazini. Niinue kidogo, Amparo... mto... basi. Dionisio, karibu, mwanangu. Padri, karibu. Nimechoka, hamtanilaumu. Leandro ana neno.

Leandro.

Sema, mwanangu. Pumzi hizi hazi... hazinitoshi.

Macho yameingia ukungu. Amparo, amempokea? Mtoto yuko mikononi mwake? Haya. Nimesikia, Leandro, umemwita kumpare. Sauti imekutetemeka. Ndivyo ilivyonitetemeka... mimi.