Aulikki na Kishale cha Kutupa

Benchi liko nje ya ofisi ndogo ya programu mjini Kuopio, upande usiopigwa na upepo. Saa nane mchana kahawa hunywewa hapo, hata nyumba iungue. Siku hiyo Aulikki alikaa pembeni. Wenzake humwita Kesho, maana kazi yake ataiandikisha kesho. Siku tisa amepanga njia mpya za magari ya kuondoa theluji, faili mia mbili na kumi na nne. Ndani ya programu anayoandikia msimbo mna kitunza historia: huhifadhi kila faili unayoiandikisha humo, na huhesabu kila ambayo hujaiandikisha. Asubuhi ile nambari ilimkera jicho kama uchafu sakafuni. Akabofya kishale cha kutupa, kinachofuta yote yasiyoandikishwa. Mashine ikamuuliza, una hakika? Mtu mzima na meno yake, akajibu ndiyo. Na theluji ya kwanza imetabiriwa kuanguka jioni hiyo.

— Si kinakumbuka kila kitu? akauliza Tuukka, aitwaye Waziri kwa kujua yasiyomhusu.

— Kinakumbuka ulichokiambia kikumbuke, akasema Veikko, Daktari wa kompyuta zote pale. Kesho, siku tisa hukuandikisha hata mara moja?

— Nilingoja ikamilike, Aulikki akanong'ona. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

— Buyu lenyewe umelitupa ziwani! akasema Daktari.

— Pipa la taka la kompyuta umechungulia? akadakia Waziri.

— Nimelimwaga. Nilikuwa nasafisha.

— Mama yangu! Wewe ukipewa ufagio utafagia mpaka ukuta.

Aulikki hakucheka. Alikuwa anatazama mawingu.

— Tulieni, akasema Waziri. Huko kaskazini kuna majengo ya mashine, yanahifadhi kila unachobofya. Tupige simu.

— Tumpigie nani? akauliza Daktari.

— Yeyote. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

— Upuuzi, akasema Daktari. Dawa ni baridi. Tuitoe kompyuta nje, kumbukumbu igande kabla haijatoroka.

— Halafu tuipindue! akasema Waziri. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

— Nyamazeni basi, Aulikki akasema. Katika njia hizo kuna mteremko wa shule, watoto watateleza.

Daktari akainua chupa ya kahawa, ikatoa tone moja.

Gari kubwa la rangi ya chungwa likasimama kando ya njia. Akashuka Reijo, dereva wa gari la kuondoa theluji, mikono mifukoni.

— Hamjambo. Ile karatasi yangu ya zamani ya njia nimewashia jiko la sauna, bafu langu la mvuke, kama mlivyoniambia.

Punje nyeupe ikatua juu ya goti la Aulikki, isiyeyuke.

— Haya, Kesho, akasema Reijo. Naanza na barabara ipi?