Arlys Tollefson, Aliyetaka Bunge Lijiite Lenyewe

Arlys Tollefson alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 shambani Knute Creek, binti wa Bwana Harald na Bi Inga Moen. Kumwita marehemu ulimi unakataa. Juzijuzi tu alikuwa humu kanisani akitugawia kahawa.

Alisoma Knute Creek, akahitimu ualimu mwaka 1973, akafundisha hesabu kwa miaka thelathini. Tarehe 22 Juni 1974 alifunga ndoa na Merle Tollefson, mkulima wa ngano, mtu wa maneno machache. Walijaliwa binti mmoja, Signe.

Mwaka 2010 alichaguliwa kuingia bunge la jimbo. Aprili iliyofuata wabunge walifunga kikao wakatawanyika. Mei mto ukavunja kingo. Msaada ulihitaji kura ya wabunge, na wabunge hawakuwa na ruhusa ya kurudi mpaka gavana awaite. Gavana wa wakati ule hakuwaita. Mama yake Arlys, Bi Inga, alilala kwenye ukumbi wa michezo wa shule mpaka theluji ikaanguka, na humo ndimo alimofia.

Tangu hapo, kila kikao Arlys alipeleka pendekezo lilelile: theluthi mbili ya wabunge wakikubaliana, warudi wenyewe. Kila mara liliangushwa. Kila siku ya kufunga kikao, wenzake walikusanya vitu vyao. Yeye aliacha ndara zake za sufu chini ya meza. Karani wa bunge, Bwana Dwight Kessel, alikuwa akimpigia simu.

"Mheshimiwa, ndara zimebaki tena!"

"Ziache hapo, Dwight. Nitazikuta nikirudi."

"Urudi umeitwa na nani?"

"Sasa si ndiyo vita yangu hiyo, baba!"

Mwishowe kila mara ndara zilirudi kwa posta, na Merle alizipokea akicheka: "Mama Signe, wageni wako wamefika."

Mwaka jana pendekezo lilipita bungeni, likabaki kupigiwa kura na wananchi, kwa kuwa liligusa katiba ya jimbo. Safari hiyo Bwana Kessel hakuzituma ndara. Alisema zimsubiri mwenyewe. Tarehe 5 Novemba mwaka huu, 2024, wapiga kura wakalikataa. Asubuhi yake Arlys alimwambia Merle, "Tunaanza upya. Mafuriko hayaombi ruhusa."

Hakuugua hata mafua. Ijumaa tarehe 8, Merle aliingia na kuni akakuta sufuria inachemka, viazi nusu vimemenywa, na mkewe sakafuni. Daktari alisema ni moyo. Kifo hakibishi hodi, tunajua, lakini hiki kimetuvunjia mlango.

Ameacha mume wake Merle, binti yake Signe na mkwewe Curtis, wajukuu Anders na Britta, na mdogo wake Lorna, anayeyasoma haya kwa shida.

Viti vya nyuma leo vimejaa wabunge wa vyama vyote viwili, na wengi wao walimpinga. Kikao kilifungwa zamani, wala gavana hakumwita hata mmoja. Bwana Kessel amekuja na ndara, na Signe amemvalisha mama yake.

Mheshimiwa, wamerudi wenyewe. Pumzika sasa, kwa amani.