Harusi Siku ya Robo Fainali

Kwenye treni ya asubuhi, kinyozi kijana aliyekaa mbele yangu alikuwa akimhakikishia mzee wa ubavuni mwake kwamba safari hii timu ya taifa inafika nusu fainali. Mzee, seremala mwenye vumbi la mbao hadi kwenye nyusi, alimsikiliza kwa upole, kama tunavyomsikiliza mtu anayeweweseka kwa homa.

"Mwanangu, binti yangu anaolewa siku ya robo fainali," akasema.

"Hapo umepotea, mzee wangu. Nchi nzima itakuwa kwenye televisheni. Nani atakuja?"

"Watakuja. Mwaka huu tumepata mabao mawili tu, na moja wapinzani walijifunga wenyewe. Sasa, kabla ya hiyo robo fainali, tumepangwa na mabingwa."

"Mpira unadunda, mzee."

"Unadunda, ndiyo, lakini golini kwetu."

Abiria wa nyuma akacheka. Kinyozi akavimba, akatoa swali aliloona litamaliza ubishi. "Na bwana harusi amekubali siku hiyo?"

"Aliichagua mwenyewe," mzee akajibu. "Ndiye nahodha wenu."

Treni ikasimama. Kinyozi akainuka, akasema yeye bado ana imani, kisha akauliza harusi inaanza saa ngapi.